Besi mdomo mdogo kwa kayaki, Mto Susquehanna, Septemba na Oktoba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Agosti inapoelekea ukingoni maswali huanza kuja. Mengi hutoka kwa ndugu waishio Harrisburg, Lancaster na York, na wapo kati yao waliokulia kando ya Ziwa Tanganyika au Ziwa Viktoria: wanajua kuvua tangu utotoni, ila hawajawahi kuvua mto mpana wa mawe kama huu. Majibu haya yanahusu sehemu moja tu, yaani Susquehanna jimboni Pennsylvania, kati ya Millersburg na Harrisburg, kuanzia mwanzo wa Septemba hadi katikati ya Oktoba, mapukutiko yanapoingia. Msimamo wangu utauona kila mahali humu: maji husomwa kwanza, chambo hufuata.

## Samaki na majira yake

Besi mdomo mdogo ni samaki gani?

Ni samaki wa mito na maziwa ya Amerika Kaskazini, jina lake la kisayansi Micropterus dolomieu. Rangi yake ni ya shaba inayoelekea kijani cha zeituni, ubavuni ana michirizi ya kusimama, na jicho lake mara nyingi ni jekundu. Ukitaka kumtofautisha na ndugu yake mdomo mkubwa, tazama taya la juu: la mdomo mdogo huishia usawa wa jicho, la mdomo mkubwa hupita nyuma ya jicho.

Waliovua Ziwa Naivasha wanamjua besi, kwa kuwa alipandikizwa kule tangu miaka ya 1920, lakini yule ni mdomo mkubwa. Tabia zao hazifanani. Wa Naivasha hupenda magugu na maji yaliyotulia. Huyu wa Susquehanna hupenda mawe, mkondo na maji yenye hewa nyingi.

Hukua polepole. Samaki wa sentimita 30 huwa ameishi miaka minne hivi, na wa sentimita 50 huenda amefikisha muongo au zaidi. Rekodi ya dunia ni ya David Hayes, aliyemvua wa kilo 5.4 katika Ziwa Dale Hollow mwaka 1955. Mtoni hapa, ukimpata wa kilo 2 umepata samaki wa kusimulia.

Ni mwenyeji wa mto huu?

Hapana. Asili yake ni Maziwa Makuu ya Amerika, Mto St. Lawrence, na mito inayoingia Ohio na Mississippi. Huku mashariki aliletwa na watu. Mto jirani wa Potomac ulimpata mwaka 1854, samaki wachache walipovushwa milima kutoka upande wa Ohio ndani ya tangi la maji la treni ya kampuni ya Baltimore and Ohio. Susquehanna ulimpata baadaye katika karne hiyohiyo ya 19, akaota mizizi.

Kwa nini mwanzo wa mapukutiko, na si kiangazi?

Kwa sababu ya joto la maji na chakula. Mwanzoni mwa Septemba maji huwa kwenye nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Kufikia katikati ya Oktoba yamekaribia 15. Samaki huyu damu yake hufuata joto la maji, na katika nyuzi hizo tumbo lake linafanya kazi vizuri bila kuchoshwa na joto kali. Wakati huohuo, vidagaa waliozaliwa majira ya kuchipua wamekua na kutembea makundi makundi, na kamba wa mto wenye magando wamejaa chini ya mawe. Maji yakishuka hadi nyuzi 10, besi hupoa na kukusanyika kwenye vilindi vya kupitishia baridi. Kabla ya hapo anakula kwa bidii.

Sababu ya pili ni kwamba mto huwa chini na mweupe. Unaona kila jiwe. Kwa anayejifunza kusoma maji hakuna darasa bora, mradi akumbuke kwamba samaki naye anamwona.

Nianze saa ngapi?

Inategemea mwezi. Septemba ingia majini kabla jua halijachomoza, uvue hadi saa 3 asubuhi, kisha urudi tena kuanzia saa 11 jioni. Mchana mweupe wa jua kali samaki hujibanza kivulini au kwenye kina.

Oktoba mambo hugeuka. Usiku wa baridi hupoza maji ya kina kifupi, na samaki huamka jua likishapanda. Nimewaona watu wakiganda majini tangu saa 12 asubuhi bila kuguswa, wakaondoka saa 4, na hapo ndipo samaki walipoanza kuuma. Kunywa chai yako kwanza.

## Kusoma maji

Samaki wako wapi?

Hili ndilo swali lenyewe. Susquehanna hapa umepasua safu za milima, na miamba ya safu hizo imelala kukingama mto kama ngazi. Kila kizingiti cha mwamba kina sehemu tatu: maji tulivu juu yake, mwanya ambamo maji hupita kwa kasi, na shimo lililochimbwa chini yake. Besi hakai katikati ya kasi, maana atachoka. Wala hakai kwenye maji yaliyolala, maana hapaletwi chakula. Hukaa mpakani, pale maji ya kasi yanapopakana na maji yaliyotulia, pua ikielekea mkondo unakotoka, akisubiri kinacholetwa.

Mpaka huo unaonekana kwa macho. Tazama povu na majani makavu: upande mmoja yanakimbia, upande wa pili yanazunguka polepole au kurudi nyuma. Mstari kati ya pande hizo huwa mwembamba, pengine upana wa kasia. Rusha chambo juu ya mstari huo, upande wa mto wa juu, ukiache kishuke na maji.

Mahali pengine pa kutazama Septemba ni kingo za majani ya majini yanayoota kwenye visiwa vya changarawe, hasa alfajiri, kwa sababu vidagaa hujificha humo. Tazama pia mikia ya vilindi, yaani pale kilindi kinapopanda kuwa kina kifupi kabla ya mawe mengine. Ukiona vidagaa wanaruka hewani kwa pamoja kama mvua ya kurudi juu, acha unachofanya na urushe hapohapo.

Kadiri Oktoba inavyosonga, samaki wanahama. Anza na mahali palepale pa Septemba, kisha sogea hadi kilindi kilicho karibu. Ukimpata mmoja kwenye kilindi, tulia. Wengine hawako mbali.

Nitajuaje njia ya kupita kati ya mawe?

Maji yanachora alama. Ukiona umbo la V ambalo ncha yake inaelekea chini ya mto, huo ni mlango: maji yanakusanyika kupita kwenye kina. Ukiona V ambayo ncha yake inakuelekea wewe unayeteremka, pale kwenye ncha kuna jiwe. Uvimbe laini wa maji usio na povu mara nyingi ni jiwe lililozama kidogo tu, na hilo ndilo linalopindua watu.

Kabla ya Dauphin, pale sanamu ndogo ya Uhuru iliposimama juu ya nguzo ya daraja la zamani, mto unabanwa na kuchafuka kwa nguvu. Anayeanza asipite pale. Kipande cha kujifunzia ni kuanzia Fort Hunter hadi City Island, Harrisburg: mto ni mpana, kina ni kifupi, na unapita chini ya Daraja la Rockville, daraja la reli la matao 48 ya mawe lililokamilika mwaka 1902. Nyuma ya nguzo zake maji hutulia, na samaki wanalijua hilo.

Kiwango cha maji kiwe kiasi gani?

Idara ya Jiolojia ya Marekani ina kipimo Harrisburg, na takwimu zake zinasomeka kwenye simu saa zote. Mapukutiko ya kawaida kipimo huwa futi 3 hadi 4. Hapo kayaki inapita na mawe yanaonekana. Ninachotazama zaidi ni mwelekeo: maji yanayoshuka au kutulia ni mazuri, maji yanayopanda haraka yaache (tazama jibu kuhusu mvua za mbali).

## Kayaki

Ninunue ya namna gani?

Ya kukalia juu, ya plastiki ngumu, urefu wa futi 10 hadi 12. Ile ya kuingia ndani hushika joto vizuri, lakini ikijaa maji katikati ya mto kuirudisha ni kazi, na hapa mawe hayaepukiki. Kiti kiwe cha kuinuka kidogo, maana utakaa saa nyingi. Usikimbilie ya kanyagio: maji ya chini ya Septemba yanagonga kila kinachoning'inia chini ya kayaki.

Usiirundike vitu. Fimbo 2, kisanduku kimoja cha chambo, maji ya kunywa, nguo kavu kwenye mfuko usiopitisha maji. Kila kitu kifungwe.

Nina gari moja. Nitarudije nilikoanzia?

Njia rahisi ni kutoteremka kabisa. Anza kwa kupanda mto kwa kasia kando ya ukingo, ukipumzika nyuma ya mawe, kisha uvue ukirudi na mkondo hadi kwenye gari. Maji yakiwa chini mtu mwenye afya anaweza, na kayaki ikikwaa kwenye mawe unashuka na kuivuta kwa kamba.

Wengine huacha baiskeli imefungwa mwisho wa safari. Mkiwa wawili wenye magari mawili mambo ni mepesi. Hakikisheni tu ufunguo wa gari la mwisho haukubaki kwenye gari la mwanzo.

Naweza kutia nanga?

Kwenye maji tulivu, ndiyo. Kwenye mkondo nakusihi usitie, na kamwe usifunge nanga ubavuni. Kayaki iliyofungwa ubavuni hugeuka kukingama maji, maji hupanda juu yake, na inapinduka kabla hujaigusa kamba. Badala yake ingiza kayaki kwenye maji yanayozunguka nyuma ya jiwe kubwa ikae yenyewe, au ipandishe juu ya changarawe, ushuke, uvue ukiwa umesimama kwenye maji ya magotini. Samaki wengi wazuri hupatikana hivyo.

## Fimbo na chambo

Fimbo na mshipi gani?

Fimbo ya futi 6 na nusu hadi 7, ya nguvu ya kati, na rili ya kawaida ya kuzungusha. Mshipi uwe wa kuhimili ratili 6 hadi 10. Maji ni meupe, kwa hiyo mwisho wa mshipi uwe mwembamba na usioonekana kirahisi. Rusha mbali: samaki aliye mita 10 kutoka kayaki ameshakuona.

Chambo gani?

Alfajiri na jioni, na kutwa nzima kukiwa na mawingu: chambo bandia cha kuelea juu. Kirushe, uache viwimbi vipotee, ukishtue kidogo, utulie tena. Anapokipiga usivute papo hapo. Subiri mpaka uhisi uzito mkononi. Mimi nampenda besi wa juu ya maji kuliko wengine wote, na kwa ajili yake niko tayari kukosa kumi wa chini.

Jua likipanda, nenda chini. Tyubu ya mpira ya inchi 3 hivi, rangi ya kahawia au kijani, yenye risasi ya gramu 3 hadi 5, hufanana na kamba wa mto anayekimbia. Iache igonge mawe. Itakwama mara nyingi, na isipokwama, ujue huipitishi mahali penyewe. Kukiwa na upepo au maji yenye vumbi kidogo, spina (chambo chenye kibati kinachozunguka) au chambo cha umbo la kidagaa kinachovutwa bila kusimama hufanya kazi.

Rangi hazinisumbui sana. Chambo chochote kilichotupwa kwenye ukingo sahihi wa mkondo kinashinda chambo ghali kilichotupwa popote.

Naruhusiwa kutumia kamba hai?

Besi humuuma vizuri sana, lakini kanuni za Pennsylvania zinakataza kusafirisha kamba hai kutoka maji mamoja hadi mengine, kwa sababu kamba wageni wamevamia mito na kuwafukuza wenyeji. Tumia wale wa hapohapo mtoni, au tumia bandia. Wa bandia wanatosha.

## Sheria, na kula

Leseni inahitajika?

Ndiyo, kwa kila mwenye umri wa miaka 16 na zaidi, raia au mgeni. Inanunuliwa kwenye mtandao au madukani. Mgeni wa muda mfupi anaweza kuchukua ya siku 1, 3 au 7. Zile siku za kuvua bure haziangukii Septemba wala Oktoba, usizitegemee.

Na kayaki yenyewe?

Kayaki ya kasia haisajiliwi, lakini ukitumia gati za Kamisheni ya Samaki na Boti ya Pennsylvania lazima uwe na kibali cha kushushia chombo. Ukiweka mota, hata ya umeme, lazima uisajili.

Jaketi okozi moja kwa kila mtu ni lazima liwemo, na kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 30 Aprili ni lazima livaliwe. Tarehe hiyo isikudanganye: maji ya Oktoba yanaua kama ya Novemba. Beba pia kipyenga na taa nyeupe.

Naweza kupeleka samaki nyumbani?

Besi wa sehemu hii, hapana. Kuanzia Sunbury hadi Bwawa la Holtwood sheria maalumu inataka kila besi arudishwe majini papo hapo, mwaka mzima. Sheria hii haikutoka hewani. Mwaka 2005 vifaranga wa besi walianza kufa kwa wingi mtoni humu katika maji ya joto na ya chini, idadi ikaporomoka, na wakubwa waliobaki ndio waliouzaa upya mto. Soma kijitabu cha kanuni cha mwaka husika kabla ya kwenda, kwa kuwa mipaka na masharti hurekebishwa.

Najua inauma. Kwetu samaki ni mboga, na kuvua kisha kuachia wengi huona ni kuchezea riziki. Ukitaka kitoweo vua kambare au aina nyingine inayoruhusiwa, ukikumbuka kwamba ushauri wa jumla wa Pennsylvania kwa samaki waliovuliwa na watu ni mlo mmoja wa nusu ratili kwa wiki, kutokana na kemikali zilizomo majini.

Nimwachieje bila kumuua?

Bana vimiba vya ndoano kwa koleo kabla hujatoka nyumbani. Lowesha mikono. Mtoe ndoano akiwa ndani ya maji ikiwezekana; ukitaka picha, kamera iwe tayari kabla hajatoka. Mshike kwa taya na kumtegemeza tumbo, kisha mwelekeze kwenye mkondo mpaka ajiondokee mwenyewe. Joto la Septemba linamchosha haraka, kwa hiyo usimvute kwa muda mrefu.

## Usalama

Sijui kuogelea. Niende?

Jifunze kwanza. Mabwawa ya kuogelea ya jamii hufundisha watu wazima, na hakuna aibu. Mpaka hapo vua ukiwa ukingoni, samaki hawa wanafikika. Aendaye kwa kayaki avae jaketi, alifunge, na asiende peke yake.

Nikipinduka nifanye nini?

Lala chali, miguu mbele ikielekea chini ya mto, vidole juu ya maji. Usijaribu kusimama kwenye maji ya kasi hata kama ni ya kiunoni: mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo unakulaza kifudifudi na huamki. Kaa upande wa juu wa kayaki, isije ikakubana kwenye jiwe. Jiepushe na miti iliyoanguka majini. Maji hupita kati ya matawi, mtu hapiti.

Vaa nguo zinazokauka haraka. Pamba iliyolowa siku ya Oktoba inakunyonya joto mwilini.

Kuna bwawa la kuogopa?

Lipo, Dock Street, kusini mwa katikati ya Harrisburg. Ni fupi, limekatiza mto wote, na ukiwa juu yake huoni chochote ila mstari ulionyooka. Chini yake maji hujizungusha na kumrudisha mtu ukutani tena na tena. Limeua wengi, wakiwemo watu wenye majaketi. Toka majini City Island au kabla yake, kila mara.

## Hali zisizo za kawaida

Hapa hakujanyesha, mbona maji yanapanda?

Kwa sababu mto huu unatoka mbali, Ziwa Otsego huko New York, na mvua ya kule hufika hapa siku kadhaa baadaye. Septemba pia ni msimu wa mabaki ya vimbunga. Mwaka 2011 mabaki ya kimbunga Lee yaliupandisha mto Harrisburg zaidi ya futi 25, wakati mafuriko huhesabiwa kuanzia 17. Tazama vipimo vya juu ya mto, si anga la dirishani.

Ukungu ukiwa mzito?

Subiri ukingoni. Mtoni humu kuna boti za injini za maji ya kina kifupi zinazokwenda kasi sana, na dereva haoni kayaki ya kijani. Washa taa, weka kibendera cha rangi kali.

Majani yanajaa kwenye ndoano. Nifanyeje?

Hutokea Oktoba baada ya upepo. Tumia ndoano moja iliyofichwa ndani ya mpira, uvue sehemu za pembeni ambako mkondo hauleti majani. Chambo chenye ndoano tatu tatu kiache kwenye kisanduku.

Ndoano imeniingia kidoleni.

Ukibana vimiba, inatoka kwa kuvuta. Kama kimiba kipo na kimezama, pitisha kipande cha mshipi kwenye mpindo wa ndoano, gandamiza kichwa cha ndoano kwenye ngozi, kisha mwenzio avute kwa ghafla sambamba na ngozi kuelekea nyuma. Safisha, na uulize daktari kuhusu sindano ya pepopunda. Ikiwa karibu na jicho, usiiguse, nenda hospitali.

Nimevua samaki mwenye vidonda au madoa meusi. Ni nini?

Madoa meusi mara nyingi ni ya vijidudu na hayamsumbui sana samaki. Vidonda vyekundu au uvimbe ni jambo jingine. Mpige picha haraka pamoja na mahali ulipo, mrudishe, kisha utume taarifa kwa Kamisheni ukitaja tarehe na sehemu ya mto.